Mtoto Aliyelazwa kwa Ubavu wa Kulia

Mara ya kwanza nilipoteremka kaburini kupokea maiti, maiti yenyewe ilikuwa ya mtoto. Alikuwa wa jirani, hajatimiza miaka mitatu, na homa ilikuwa imemmaliza kwa siku nne. Hapakuwa na jeneza. Mtoto wa umri ule hubebwa mikononi, na mjomba wake alimpakata njia nzima kutoka msikitini hadi makaburini, akitembea kama mtu anayehofia kumwamsha. Shimoni tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa mzee aliyezika wengi, naye ndiye aliyenielekeza: mwingize kwenye mwanandani, mlaze kwa ubavu wa kulia, uso uelekee kibla, fungua fundo la sanda kichwani. Kisha akaokota donge la udongo mbichi, akalifinyanga kwa viganja mpaka likawa bapa, akalisukuma taratibu chini ya shavu. Nikamuuliza la nini.

"Mto wake, mwanangu," akasema. "Atalalaje bila mto?"

Miaka ikapita. Mei 2021 jarida la sayansi la Nature likachapisha habari ya kaburi la mtoto mwingine, lililofukuliwa hapa hapa pwani, katika pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi. Naye alikuwa na umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Naye alilazwa kwa ubavu wa kulia. Naye, kwa jinsi mifupa ilivyokaa, alizungushiwa kitu mfano wa sanda na kuwekewa chini ya kichwa kitu mfano wa mto. Alizikwa miaka 78,000 iliyopita. Nilianza kuisoma habari hiyo nimesimama. Nilipofika kwenye mto nikatafuta mahali pa kukaa.

Sisemi kwamba mila yetu imetoka kwenye lile pango. Wakati ule hapakuwa na kibla, hapakuwa na msikiti wala kanisa, na ubavu wa kulia ulitokea tu kuwa wa kulia. Kinachofanana ni ule uangalifu wa mikono. Tangu hapo nimekuwa nikisoma historia ya binadamu wa kale kwa njia moja: naangalia wanavyozika. Zana za mawe zinatueleza walichokula na walivyowinda. Kuta na mahekalu vinatueleza nani alitawala. Kaburi linatueleza watu walionaje thamani ya mtu ambaye hawezi tena kuwafaa kwa lolote.

Panga ya Saidi, yaani pango la Saidi, liko katika vilima vya mawe ya chokaa, kilomita kama 15 kutoka baharini. Watafiti wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao wa Taasisi ya Max Planck ya Ujerumani walianza kuchimba hapo mwaka 2010. Kila walivyoteremka waliukuta udongo una tabaka juu ya tabaka, na karibu kila tabaka lina alama ya watu: vipande vya mawe vilivyochongwa, mifupa ya wanyama walioliwa, ngeu nyekundu iliyosuguliwa, shanga. Shanga moja ya kombe ina umri wa zaidi ya miaka 60,000. Juu kabisa kuna vyungu na mabaki ya watu wa enzi ya chuma. Sijui mahali pengine Afrika Mashariki ambapo mtu anaweza kusimama ukingoni mwa shimo moja na kutazama makao ya watu ya miaka elfu sabini na zaidi yakiwa yamepangana kama kurasa za kitabu.

Mwaka 2013 waliona dalili za mifupa midogo ukutani mwa shimo. Ilichukua hadi 2017 kulifikia kaburi lenyewe, mita tatu hivi chini ya sakafu ya leo: kishimo cha mviringo, udongo wake rangi tofauti na wa pembeni, na ndani yake mifupa iliyooza kiasi kwamba ukiigusa inageuka unga. Hapo palihitaji uamuzi. Wangeendelea kuchokoa kwa brashi pale pangoni, wangebaki na vumbi mikononi. Wakaamua kulikata pande zima la udongo, wakaliviringishia plasta kama daktari anavyoufunga mguu uliovunjika, wakalichukua vivyo hivyo hadi Nairobi. Wakati huo hawakuwa na hakika wamebeba nini. Meno mawili yaliyoonekana juu juu yakawafanya washuku kwamba ni binadamu. Pande lile likasafirishwa tena hadi Burgos, Uhispania, katika kituo cha utafiti wa chimbuko la binadamu kilichokuwa kikiongozwa na María Martinón-Torres, na huko likapigwa picha za eksirei za aina ya juu na kufunguliwa punje kwa punje. Kazi hiyo ilikula miezi mingi. Ukaonekana uti wa mgongo. Zikaonekana mbavu zikiwa bado zimejipinda kwa mpango wake, kifua hakijaporomoka. Yakaonekana taya na sehemu ya uso. Watafiti wakamwita Mtoto, kwa Kiswahili, na jina hilo sasa linaandikwa hivyo hivyo katika lugha zote zinazomtaja. Nimelifurahia sana hilo.

Mtu atauliza, na ana haki: mto umejulikanaje, na haupo? Sanda imejulikanaje, na hakuna hata uzi uliobaki?

Maiti inapooza ndani ya udongo uliojaa vizuri, udongo huchukua nafasi ya nyama pole pole na mifupa hubaki ilipokuwa. Panapokuwa na nafasi tupu, mifupa huanguka kuingia katika nafasi hiyo. Kichwa cha Mtoto na mifupa ya shingo vilikuwa vimeinama na kuzunguka kwa namna inayotokea pale kitu laini kilichokiegemeza kichwa, labda majani, labda ngozi, kinapooza na kuacha uwazi. Upande wa juu wa mwili, mabega na mbavu za mwanzo vilikuwa vimebanwa kwa namna inayotokea pale mwili unapofungwa kwa kitu kilichokaza. Magoti yalikuwa yamekunjwa kuelekea kifuani. Udongo wa ndani ya shimo ulikuwa umekusanywa kutoka sakafuni mwa pango na kumiminwa juu yake, na uchunguzi wa kemia wa udongo huo ukaonyesha kwamba mwili ulioza pale pale. Maana yake hakuletwa mifupa mitupu, wala hakuburutwa na fisi. Alizikwa akiwa amefariki karibuni, na watu waliokuwa karibu.

Umri wa kaburi nao una elimu yake, na nitaieleza kwa sababu watu wengi hudhani tarehe hizi zinabuniwa tu. Chembe ya mchanga ikikaa gizani hujikusanyia, mwaka baada ya mwaka, nguvu kidogo kidogo kutokana na mionzi ya asili iliyomo ardhini. Ikiona jua, hazina yote hiyo huisha na hesabu huanza upya. Mtaalamu akiitoa chembe hiyo gizani bila kuiangazia jua, kisha akaimulikia mwanga maalumu maabarani, itatoa mwanga wake yenyewe, na kiasi cha mwanga huo ndicho kinachomwambia imekaa gizani muda gani. Yaani mchanga uliomfunika Mtoto ndio uliotunza hesabu ya miaka yake.

Kuna makaburi ya zamani zaidi kuliko hili. Katika mapango ya Qafzeh na Skhul, nchi ya Israeli ya leo, watu wa jinsi yetu walizikwa zaidi ya miaka 90,000 iliyopita. Lakini katika Afrika, bara walikozaliwa watu wa jinsi yetu, hili la Kilifi ndilo la kale kuliko yote yaliyotambuliwa hadi sasa. Linalofuata, katika Border Cave huko Afrika Kusini, kwa umri wa miaka kama 74,000, nalo ni la mtoto mchanga, na pamoja naye lilikutwa kombe la bahari lililotobolewa.

Watoto wawili. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Mtoto wa miaka miwili na nusu hajawahi kuwinda, hajachuma tunda la kumlisha mwingine, hajapigana kwa ajili ya ukoo. Alikuwa mzigo tu, kwa hesabu ya tumbo. Na hawa walikuwa watu wa kuhamahama, wenye kila sababu ya kuondoka na kumwacha porini, kama viumbe wengi wafanyavyo. Badala yake mtu alichimba shimo kwa kijiti au jiwe, ndani ya pango walimoishi, mahali ambapo moto wao ulikuwa unawaka. Walimzika nyumbani.

Shuleni tulifundishwa kwamba ustaarabu ulianza Mesopotamia na Misri. Hata neno lenyewe, ustaarabu, lina historia yake: asili yake ni kushika mwenendo wa Waarabu, na wazee wa miji ya pwani walilitumia kumpima mtu kwa mavazi, usemi na ujenzi wa nyumba yake. Kwa kipimo hicho historia ya Kilifi ingeanzia Gedi, kwenye nyumba za mawe na lile kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Gedi ni fahari yetu na sitaki ipungue hata tofali. Lakini kuna neno jingine, utu, na hilo halihitaji tofali. Nadhani waliomlaza Mtoto walikuwa nalo, kwa lugha yoyote waliyoizungumza.

Walakini sitaki kuwapamba watu wa kale wakawa malaika. Mwaka 2012, mahali paitwapo Nataruk, magharibi ya Ziwa Turkana, watafiti walikuta mifupa ya watu wasiopungua 27 waliokufa miaka 10,000 hivi iliyopita. Kadhaa kati yao waliuawa kwa marungu na mishale. Mtu mmoja kipande cha jiwe kali kilikuwa bado kimenasa katika fuvu lake. Mwanamke mmoja alikuwa na mimba pevu, na kwa jinsi mifupa ilivyokaa, huenda alifungwa mikono na miguu. Palikuwa ukingoni mwa maji wakati huo. Kati ya watu wote wale hakuna hata mmoja aliyezikwa. Waliachwa walipoanguka, na matope ndiyo yaliyowafunika. Wauaji wao walikuwa wawindaji na wakusanyaji kama waliomzika Mtoto, wasio na mfalme wala mji wa kugombania. Kwa hiyo uovu nao ni wa tangu kale, na anayesema vita vililetwa na serikali peke yake aende akapatazame Nataruk.

Karibu na wakati huo huo, mbali kaskazini, mambo yalikuwa yanageuka. Katika nchi zinazozunguka mito ya Tigri na Frati watu walianza kupanda ngano na shayiri na kufuga mbuzi na kondoo. Vijiji vikakua. Kinachonivutia zaidi ni Çatalhöyük, katika uwanda wa Konya nchini Uturuki, kilichokaliwa kuanzia takriban mwaka 7100 KK. Watu elfu kadhaa waliishi katika nyumba za matofali ya udongo zilizobanana bila vichochoro. Waliingia ndani kwa ngazi kupitia tundu la paa. Na maiti zao walizizika chini ya sakafu, hasa chini ya vile vibaraza vya ndani walivyolalia usiku, wamekunjwa magoti, watoto wachanga mara nyingine wakiwa ndani ya vikapu. Mama alilala juu, na mwanawe chini yake, kimo cha mkono mmoja. Nyumba zilifanana, hakuna iliyokuwa jumba la mtawala.

Halafu ikaja miji yenyewe. Uruk, kusini mwa Iraki, ulikuwa na maelfu kwa maelfu ya watu kufikia mwisho wa milenia ya nne KK, na huko ndiko walikoanza kuandika juu ya vibao vya udongo. Hawakuanza kwa mashairi. Waliandika mgao wa shayiri, idadi ya kondoo, posho ya bia kwa vibarua. Maandishi yalizaliwa ghalani, mikononi mwa makarani. Ghala lina mwenye funguo, na mwenye funguo ana watu chini yake. Hapo ndipo makaburi yanapobadilika sura.

Leonard Woolley alichimba mji wa Ur kuanzia 1922 hadi 1934, akafukua makaburi yapatayo 2,000. Mengi ni ya watu wa kawaida: mkeka, bakuli, basi. Lakini 16 aliyaita ya kifalme, ya miaka ya 2500 KK hivi. Malkia Puabi alikutwa na taji la majani ya dhahabu, shanga za akiki na lajiwardi zimemfunika kifua chote. Karibu na hapo palikuwa na shimo moja lenye maiti 74, wanawake 68 na wanaume sita, wamepangwa safu safu, wanawake wamevaa mapambo ya kichwani. Walikufa kumsindikiza mkubwa wao. Woolley aliamini walikunywa sumu kwa hiari yao wakajilaza kimya. Baadaye sana mafuvu mawili kutoka makaburi hayo, yaliyohifadhiwa Pennsylvania, yalipopigwa picha za kompyuta, yalionekana kuwa na matundu ya kupigwa kwa kitu chenye ncha.

Katika shimo lile kulikuwa na msichana mmoja ambaye simsahau. Wenzake walikuwa na utepe wa dhahabu au wa fedha kichwani. Yeye hakuwa nao. Woolley aliukuta utepe wake kiunoni, umeviringishwa vizuri, bado haujafunguliwa. Woolley alifikiri alichelewa, akautia utepe nguoni akakimbia, asipate tena nafasi ya kuuvaa. Nimeona picha ya kile kijiduara cha fedha, kimekaa kama kilivyokunjwa siku ile. Mji uliokuwa na waandishi, mahakimu, wanamuziki na wahandisi wa mifereji ulimpokea binti huyu kaburini kama sehemu ya vyombo vya mtu mwingine.

Wanahistoria wengi wamezoea kusema hiyo ndiyo bei. Ili watu waweze kujenga kitu kikubwa, lazima pawepo wa juu na wa chini, wa kuamuru na wa kubeba. Kwa muda mrefu hata mimi niliamini hivyo, mpaka niliposoma habari za Lothagam.

Lothagam pia ni magharibi ya Turkana. Miaka 5,000 hivi iliyopita, wakati makarani wa Uruk wanahesabu kondoo, wafugaji wa kwanza wa eneo lile walikuwa katika shida. Mvua zilipungua, ziwa likawa linarudi nyuma mwaka hadi mwaka, na malisho yakifuata maji. Katika miaka hiyo hiyo walijenga jambo kubwa. Walitengeneza jukwaa la duara lenye upana wa mita 30 hivi, katikati wakachimba shimo mpaka kwenye mwamba, wakaligeuza makaburi ya pamoja. Kwa karne kadhaa walizika humo watu wasiopungua 580. Mwishowe wakalijaza, wakalifunika kwa mawe, wakasimamisha nguzo za mawe juu yake, na kuzunguka hapo wakaweka duara na marundo mengine ya mawe. Watafiti wakiongozwa na Elisabeth Hildebrand walitangaza matokeo yao mwaka 2018.

Wamezikwa wanaume na wanawake, vikongwe na watoto wachanga, wamesogezana. Na karibu kila mmoja alivalishwa pambo: shanga za yai la mbuni, pete za meno ya kiboko, vidani vya mawe ya kijani, ya samawati, ya waridi. Mmoja alikuwa na pambo la kichwani lililotengenezwa kwa mamia ya meno ya panya wa jangwani. Hakuna kaburi lililojengwa mbali kwa ajili ya mkubwa, na karibu hakuna aliyeachwa mtupu. Wafugaji waliotawanyika, katika miaka ya ukame, walikubaliana kubeba mawe kwa vizazi kadhaa bila ya kuwapo, kwa ushahidi tulio nao, mtu wa kuwapiga mjeledi. Nisingependa jina la mahali hapa libaki katika majarida ya wataalamu tu. Mwanafunzi wa Lodwar, huko huko Turkana, anajua piramidi za Giza kwa picha na kwa majina ya wafalme waliozijenga. Lothagam iko kwao, na ina umri sawa na Misri ya mafirauni wa kwanza.

Turudi Kilifi, kwa sababu kuna jambo katika ile habari ya 2021 ambalo nililipita mara ya kwanza na kulirudia baadaye. Picha za eksirei za taya la Mtoto zilionyesha meno yaliyokuwa bado ndani, hayajatoboa ufizi. Kwa meno hayo, pamoja na mengine, ndivyo walivyokisia umri wake na kuthibitisha kwamba alikuwa mtu wa jinsi yetu kabisa.

Kwetu mtoto aking'oka jino hulitupa juu ya paa na kuomba jipya. Yule wa jirani yangu hakufikia umri huo. Jioni ile ya mazishi, tulipokwisha kumwaga mchanga na watu wameanza kutawanyika, mjomba wake alibaki amesimama, mikono bado ameikunja mbele kifuani kama alivyombeba.